Eti Sikusikia King'ora

Gulabi jirani yangu, mimi ni kiziwi? Niambie kweli, mimi ni kiziwi?

Leo wamelipua machimbo ya marumaru bila king'ora. Miaka kumi na minane, king'ora kikilia nafungua madirisha yote ili mshindo upite zake. Leo yalikuwa yamefungwa. Kioo chembamba vile kitahimili nini? Nimekiona kwa macho yangu kikibonyea ndani kama ngozi ya ngoma, kisha kikammwagikia Kesar kitandani.

Mjukuu wangu kashonwa nyuzi saba shavuni!

Halafu meneja kaja, kaingia na viatu hadi jikoni kwangu. "King'ora kimelia, bibi. Ni uzee tu, masikio yamechoka."

Eti masikio! Na viatu, Gulabi, jikoni kwangu!

Na mwanangu Hazari, mpiga king'ora wao, kasimama nyuma yake anatazama sakafu.

Nikasema, "Anayekipiga huyo hapo. Muulize."

Meneja akacheka. "Haya Hazari, mwambie mama yako."

Kesar akalia chumbani. Hazari akainua uso.

"Mama husikia hata maziwa yakianza kuchemka," akasema. "King'ora sikukipiga. Wewe ndiye uliyenikataza, hukutaka kungoja watu wajiandae, ulikuwa unawahi harusi."