Taa Kwenye Kabati la Saveli

Bonde la Slocan
9 Januari 2019

Kwa shemeji yangu Wendell,

Salamu nyingi baada ya kimya kirefu. Natumaini wewe na binti yako hamjambo, na kwamba mvua za huko kisiwani hazijakuotesha kuvu. Mimi ni mzima wa roho. Mwili ndio umeanza kunidai. Theluji imefika madirishani na kuku wamegoma kutaga.

Nina neno, na nakuandikia wewe kwa sababu hapa bondeni sina wa kumwuliza bila kuchekwa. Vidole vyangu vimekakamaa. Asubuhi siwezi kufunga vifungo vya sweta mpaka niviloweke kwenye maji ya moto, na mkate nao umeanza kunishinda. Mwanangu Vasil alikuja kwenye Krismasi akanikuta nakanda unga kwa viwiko. Tulipokwisha kula supu ya borshi akaniambia amenitafutia nafasi kwenye nyumba ya wazee kule Castlegar, ina lifti na kila kitu. Nikamwambia nitafia ndani ya hiyo lifti. Tulibishana hadi siku ya kuondoka kwake, mwisho tukapatana. Siku ya Petro, mwisho wa Juni, mkate wa mezani kwenye nyumba ya sala ukiwa umetoka mikononi mwangu, nabaki kwangu. Nikishindwa, nahama bila ubishi. Tumeshikana mikono, na sisi Wadukhobori unatujua, dini yetu haina viapo, hiyo yatosha.

Sasa jirani yangu Malasha hupaka mafuta ya bangi magotini na anasema analala kama mtoto. Serikali imeruhusu kila nyumba miche minne, na mbegu nimeshapata. Kabati la nguo la mume wangu Saveli limekaa tupu tangu afariki. Tena kuna lile sanduku la globu za kuokoa umeme, zilizosokotwa kama utumbo wa kuku, alizonunua kwa fujo zilipouzwa bei ya kutupa. Usijifanye humjui aliyekuwa akizipunguza. Miaka ile niliuona mwanga kwenye nyufa za ghala ulimokuwa ukilala, na Saveli aliponiuliza nikamwambia Wendell anatunza vifaranga. Marehemu aliwangoja vifaranga hao mpaka kiangazi.

Niambie basi, globu hizi zinatundikwaje?

Shemeji yako,
Lukeria


Kisiwa cha Vancouver
21 Januari 2019

Shemeji mpendwa,

Barua yako imenifikia na nimeisoma mara tatu, mara ya kwanza kwa kucheka tu. Sisi huku hatujambo, ukiondoa magoti yangu. Binti yangu na mumewe wamenipa chumba cha chini, kizuri, kina dirisha la kutazamia viatu vya wapita njia. Pole sana kwa vidole. Na Vasil usimkasirikie, anaogopa kukukuta sakafuni.

Kwa hiyo ulijua. Mimi nanyata ghalani kama mwizi, kumbe wewe unanitungia vifaranga. Saveli aliponipokea kama ndugu, kijana wa miaka ishirini niliyeikimbia Marekani nisipelekwe vitani, aliniambia maneno mawili: hapa hatuui, na hapa hatuvuti. Lile la kwanza nililishika.

Sasa nisikilize. Globu hizi ni dhaifu, mwanga wake hausafiri. Ukizitundika juu kama taa ya sebuleni utaona kabati limeng'aa na utafurahi, lakini mche chini yake una njaa, nao utarefuka kuutafuta mwanga mpaka uanguke. Globu ikae vidole vinne kutoka kwenye jani la juu, isizidi. Weka mgongo wa kiganja pale lilipo jani. Ukihisi kuungua, sogeza taa. Ukihisi uvuguvugu, iache. Tena usiining'inize ikichungulia chini. Ilaze ubavu, maana mwanga wake mwingi hutoka mbavuni, kichwani hutoka kidogo tu. Kabati lipake chokaa ndani ili kuta zirudishe mwanga. Anza na globu za mwanga mweupe, zile za manjano zitafaa wakati wa maua. Feni ndogo ipepee, na nyaya zikae mbali na maji, tafadhali, sitaki kuja kukuzika.

Nijulishe unavyoendelea.

Shemeji yako,
Wendell


Bonde la Slocan
24 Februari 2019

Shemeji Wendell,

Hujambo? Na viatu vya wapita njia havijambo? Huku baridi imelegea kidogo na kuku wawili wametubu.

Nimefanya yote uliyosema na bado nimeharibu. Miche yote minne imeota. Globu nimezilaza ubavu, nikazipanga kwenye ubao mmoja, kimo kimoja, ili kila mche upate haki yake. Unajua tulivyolelewa, kwenye meza zetu hakuna kiti cha mbele. Lakini mche mmoja umewaacha wenzake, na ubao nimeupima vidole vinne kutoka kwake huyo mrefu. Yeye amenenepa. Watatu wengine wana shingo nyembamba, rangi ya maziwa yaliyolala, na mmoja ameegemea ukuta kama mlevi. Malasha anasema ning'oe hao watatu. Nikamkumbusha kwamba hapa hatuui.

Kibaya zaidi, mrefu akikua inabidi niupandishe ubao, na ubao unaning'inia kwa kamba. Fundo moja linanichukua asubuhi nzima. Juzi lilinishinda kabisa, nikakaa sakafuni mbele ya kabati nikalia, kisha nikajicheka, bibi kizee anayelilia bangi. Siku hiyohiyo Vasil akapiga simu, akauliza ni kitu gani kinavuma. Nikamwambia ni feni. Feni ya nini, Mama, na nje theluji? Nikamjibu ni ya bangi. Akaniomba nirudie neno hilo.

Nisaidie, naona Juni inanikimbilia.

Shemeji yako,
Lukeria


Kisiwa cha Vancouver
5 Machi 2019

Shemeji mpendwa,

Natumaini hujambo. Mimi sijambo.

Usawa wako umewalaza njaa watatu. Haki yao haiko kwenye kimo cha taa. Kila kichwa kiwe karibu na taa sawa na mwenzake, basi. Usiipandishe taa tena. Mwambie Malasha aupigilie ubao misumari juu kabisa kabatini, kamba utupe. Kisha chukua vipande vya mbao pale alipokuwa akipasulia kuni Saveli, upange chini ya vyungu. Mrefu umpe vipande vichache, wa kati zaidi, mfupi kabisa vingi kuliko wote, mpaka vichwa vyote vilingane chini ya globu. Mche ukikua, unatoa kipande kimoja chini yake. Hakuna fundo, na Malasha akija kunywa chai anaweza kukunyanyulia chungu. Wale wenye shingo nyembamba wajazie udongo shingoni, watapata nguvu. Globu mbili zilizobaki ziweke pembeni, chini chini, kwa ajili ya matawi ambayo ubao hauyafikii.

Nimekuwa nikijaribu haya yote hapa chumbani ili nikueleze vizuri. Mjukuu wangu alinikuta nimeilaza taa ya kitandani ubavu na nimepandisha chungu cha maua juu ya vitabu. Akaniuliza babu, unacheza nini? Ningekuwa huko ingekuwa kazi ya dakika tano.

Lukeria, niliondoka haraka baada ya mazishi. Niliogopa maneno ya watu, mwanamume kulala kwenye ghala la mjane. Nilidhani nakusitiri. Sijui kwa nini nayaandika haya kwenye barua ya taa.

Shemeji yako,
Wendell


Bonde la Slocan
28 Aprili 2019

Shemeji Wendell,

Salamu za majira ya kuchipua. Mto umejaa, vitunguu vimetoka, mimi sijambo.

Ungeona kabati. Vichwa vinne vimesimama sawa kama kwaya yetu inayongoja mtu wa kuanzisha zaburi. Kila siku chache natoa kipande cha mbao chini ya chungu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na hata yule mlevi amekuwa mtu mzima mwenye heshima. Sasa ni maua. Nawapa nusu siku taa, nusu siku giza, na koti la Saveli nimelitundika juu ya ufa wa mlango isipenye hata chembe ya mwanga. Nikiwa nafungua kabati asubuhi nina furaha ambayo sikuwa nayo tangu mwaka alipofariki.

Harufu imefika barabarani. Akina mama wa nyumba ya sala walikuja watatu kunikanya. Walikaa, wakanywa chai, wakala maandazi ya pirahi, wakatoa mawaidha mazuri, na wakati wa kuondoka mmoja baada ya mwingine akarudi mlangoni kuniuliza kwa sauti ndogo kama mafuta yatatosha. Vasil naye alikuja kwenye Pasaka. Alifungua kabati, uso umekunjamana. Kisha akaweka mgongo wa kiganja chini ya globu moja, akaisogeza kidogo, akafunga mlango.

Kuhusu kuondoka kwako. Kama watu walisema, mimi sikusikia. Nilichosikia ni ghala lilivyokuwa kimya.

Shemeji yako,
Lukeria


Bonde la Slocan
10 Juni 2019

Wendell,

Hujambo? Kadi yako ya mwezi uliopita ilifika, na maelekezo ya kukausha nimeyafuata. Uliandika habari za kukausha tu, na mimi nimeelewa kwamba hutaki kuyagusa yale mengine. Sikulaumu.

Mafuta yametoka mazuri, nimeyapika na siagi na nta ya nyuki. Nimejipaka, nimewagawia akina mama watatu na Malasha. Sitasema uongo: usiku nalala, na maumivu yamepungua. Nakushukuru kwa hilo kwa moyo wote. Lakini vidole havikunyooka. Nilitegemea mafuta yatavirudisha vilivyokuwa, na hilo mafuta hayawezi.

Jana nilijaribu mkate mkubwa, wa kipimo cha Siku ya Petro. Kuusukuma unga kwa kiganja naweza. Kuukunja siwezi. Nasukuma, unga unalala pale, vidole havishiki kuugeuza. Nilipambana nao mpaka ukakauka juu. Kisha nikaketi na unga mikononi nikalia kwa sauti, nikijua hakuna wa kunisikia. Sitaki kuondoka, Wendell. Naipenda nyumba hii. Nawapenda kuku wavivu na huo mto na kelele zake. Nimempa Vasil mkono na nitatimiza, lakini moyo unakataa na sina sababu ya kukuficha.

Tafadhali usiniandikie pole. Nimechoka kupewa pole kwa posta.

Shemeji yako,
Lukeria


Jikoni
30 Juni, asubuhi

Wendell,

Umelala na sikutaka kukuamsha. Tangu uliposhuka kwenye basi wiki iliyopita na mkoba mmoja, bila hata kunitumia neno, sijakuandikia, na naona maneno haya nayaweza zaidi kwa kalamu.

Jana ulipokuwa nje na wazee mkikusanya viti baada ya sala, Vasil alinivuta pembeni. Mkate ulikuwa umebaki nusu mezani, kando ya chumvi na maji. Akaniuliza, "Mama, huu amekanda nani?"

Nikamwambia kama ilivyokuwa. Kupima nimepima mimi, kusukuma nimesukuma mimi, kukunja amekunja Wendell, na tumekosana mara mbili kuhusu maji.

Akasema, "Tulipatana utoke mikononi mwako."

Nilikuwa nimejiandaa kunyamaza na kwenda kufungasha. Badala yake nikasikia mdomo wangu ukisema, "Mwanangu, mkate wa meza ile ulitoka lini mikononi mwa mtu mmoja? Ngano alilima baba yako, maji ulichota wewe, moto alikoka Wendell, mimi nikakanda. Miaka yote hiyo hukuniambia nimeshindwa. Kama kusaidiwa ni kushindwa, basi mimi nilishindwa siku niliyoolewa."

Aliukagua mkate. Unamjua, ana sura ya baba yake akipiga hesabu. Kisha akamega kipande, akakila polepole, akamega kingine. Akauliza, "Anakaa mpaka lini?"

Nikamjibu kwamba sijakuuliza.

Akasema, "Muulize, Mama. Kwa sababu mimi ile nafasi ya Castlegar nataka kuirudisha kesho, na sitaki kuirudisha halafu nikukute tena unakanda kwa viwiko." Akavaa kofia yake, akaja huko nje kukusaidia viti.

Basi nakuuliza. Chumba cha Vasil kina kitanda na dirisha la mtoni. Watu watasema, waache waseme, wengine nimewapa mafuta. Usinijibu kwa karatasi. Niko kwa kuku, mlango uko wazi, chai iko jikoni bado ina moto.

Lukeria