Suti ya Buabua

Kalerwe, Kampala
12 Februari 1979

Wifi yangu Akullo,

Pokea salamu zangu na za Acayo wako. Sisi wazima, ila sukari tumesahau hata rangi yake. Wewe hujambo huko Nairobi? Kile kifua kimepona? Barua hii anakuletea Wanjala, dereva wa lori. Jibu kwa mkono wake, si kwa posta.

Mzee Ojok, baba yenu mkubwa, alikuja na wazee watatu. Alikalia kiti cha kaka yako Opoka, akaniambia, "Mama Acayo, mutu ya miaka mbili hapana rudi. Sisi nafanya matanga." Wameshapanga, Jumamosi ya pili baada ya Pasaka. Ninyolewe nywele, nivae nyeusi, halafu nichague ndugu wa mume wangu anirithi. Nikauliza mwili uko wapi. Wakasema baiskeli yake ilikutwa ufukweni Ggaba, inatosha. Tangu lini mtu akafanyiwa matanga kwa ajili ya baiskeli?

Jana nilikwenda hapo Ggaba, kama tulivyozoea na Opoka alipokuwa na kazi ya kuvisha ndege pete za miguuni. Buabua wamejaa ziwani, wale ndege weupe wanaokimbia baridi ya Ulaya waje kula kwetu. Likizo yao inakaribia kwisha, maana baadhi wameanza kuota manyoya meusi kifuani. Niliwahesabu hadi mia mbili, kisha nikalia nikapoteza hesabu.

Wewe ni dada yake. Ukisema hapana, wazee watakusikia. Tafadhali sema hapana.

Wifi yako,
Emérence, Mama Acayo


Nairobi
20 Machi 1979

Wifi mpenzi, Mkongo wetu,

Hujambo? Acayo hajambo? Mimi kifua kimepona, moyo ndio bado.

Usinikasirikie. Nimemwandikia Mzee Ojok kwamba nakubali. Nami nimechoka kungoja, wifi. Mlango ukigongwa naruka, nikifungua ni mtu wa maziwa. Nyoa nywele, tumlilie kaka yangu ipasavyo. Maji yakimwagika hayazoleki.

Ngoja nikuchekeshe kidogo. Unajua kazi yangu hapa makumbusho, ambayo Opoka mwenyewe alinitafutia. Nafungua barua za watu waliopata ndege wenye pete, nazipiga taipu. Wiki jana imekuja moja yenye muhuri wa posta ya Entebbe, herufi kubwa tupu, haina jina:

PETE B 4417. BUABUA. KISIWA CHA KOOME, TAREHE 3 MACHI. ALINASA KWENYE WAVU WA SAMAKI. NIMEMPULIZA KIFUANI, AMENONA. AMEANZA KUVAA SUTI. NIMEMWACHIA. MVUVI.

Ofisi nzima ilicheka. Ndege wa suti! Mkubwa wangu akaniambia niandike "hali nzuri" tu, yaishe.

Wifi yako,
Akullo


Kampala
27 Machi 1979

Akullo,

Salamu leo ni fupi, Wanjala anapiga honi nje.

Umepata barua ya kaka yako, ukaicheka!

Mvuvi gani anampuliza ndege kifuani? Hiyo ni kazi ya watu wa pete. Wanafunua manyoya kwa pumzi, wanaangalia kama chini ya ngozi kuna mafuta ya kumfikisha kwao. Na hiyo suti ni ya Opoka, sijaisikia kwa mtu mwingine chini ya jua. Tulipooana nilimuuliza kwa nini buabua wanageuka weusi karibu na Pasaka kama wafiwa. Akasema, "Hapana, mama. Hao naenda kwa harusi yao huko Ulaya. Hiyo ni suti."

Samahani kwa mwandiko. Acayo namwacha kwa jirani yangu Hortense. Kesho naenda Ggaba kutafuta mtumbwi wa Koome. Usimwambie mtu yeyote, hasa Mzee Ojok. Mwache apange matanga yake.

Wifi yako


Nairobi
14 Aprili 1979

Wifi yangu,

Naandika ingawa Wanjala hasafiri na sijui barua hii nitampa nani. Je, u mzima? Redio imesema Kampala imekombolewa na watu wanacheza barabarani. Mimi siwezi kucheza. Siku kumi na nane sijapata neno lako.

Nimeitoa ile barua kwenye faili. Namba saba ameikata katikati, kama alivyonifundisha nilipokuwa darasa la kwanza. Niliiona kwa macho yangu haya nikacheka. Nisamehe, hata kama umekuta kaburi huko.

Wifi yako,
Akullo


Kampala
29 Aprili 1979

Wifi yangu Akullo,

Salamu, salamu, salamu! Wanjala ameanza tena safari, amenipa barua yako, na kaburi sikulikuta.

Nilipofika Koome nilimuuliza mama mmoja aliyekuwa anaanika dagaa. Akacheka. "Mutu ya kupuliza ndege? Iko kule." Nikamkuta anashona wavu, ndevu hadi kifuani, amekonda. Aliponiona, neno lake la kwanza lilikuwa, "Kumbe Akullo alisoma?" Nikampiga kofi, halafu nikamshika nikalia mpaka wavuvi wakaondoka kwa haya.

Siku ile alipopotea, wanajeshi walimwona Ggaba na darubini, wakasema ni jasusi. Aliacha baiskeli, akarukia mtumbwi. Kutuandikia nyumbani aliogopa, kwa sababu barua zilifunguliwa na wangetujia mimi na mtoto. Lakini barua ya pete ya ndege, nani atajali? Basi akangoja ndege mwenye pete anase. Misimu miwili hakunasa hata mmoja.

Nikamuuliza kwa nini hakubuni namba tu. Akanitazama kama nimemtukana mama yake. "Mama, namba ya uongo naharibu hesabu." Miaka miwili, wifi! Huyo ndiye kaka yako.

Tulikaa kisiwani hadi bunduki ziliponyamaza, tukarudi tukamkuta Acayo mzima kwa Hortense. Wazee hatukuwaambia. Jana Mzee Ojok akafika na mbuzi wa matanga, na aliyempokea kamba mlangoni ni Opoka. Mzee alikaa chini palepale, akamshika miguu akilia. Nimemsamehe yote. Mbuzi tumemla. Marehemu alichinja mwenyewe, na ndiye aliyelalamika kwamba chumvi ni kidogo.

Leo tumekwenda Ggaba. Buabua wameshaondoka, wamebaki wachache, na mmoja ni mweusi tii. Opoka alimkodolea macho bila darubini, akasema huyo atachelewa harusini. Anakuomba ufute ile "hali nzuri" kwenye daftari lenu, uandike kama alivyoandika.

Mimi nakuomba jambo moja tu. Njoo unisuke. Nywele zangu zote zipo.

Wifi yako,
Mama Acayo