Nilichowaambia Wageni wa Kiwanda

Kisiba,
S.L.P. Tukuyu,
14 Juni 1997

Mpendwa mdogo wangu Asajile,

Habari za Morogoro? Ile homa iliyokulaza mwezi uliopita imekuachia? Wifi yangu Lusungu na watoto hawajambo? Sisi huku tu wazima, ila baridi ya mwaka huu imemshika mama magotini. Dawa ulizotuma amezipata, anashukuru sana, anasema ndaga fijo.

Asajile, barua hii nimeichana mara mbili. Tangu kiwanda chenu cha nguo kiuzwe ukapunguzwa kazi, najua umeweka tumaini kwenye kiwanda cha chai ambacho wale wageni walitaka kujenga hapa, urudi kwenye ufundi wako karibu na mama. Kiwanda hakiji. Na mimi nina mkono wangu katika hilo.

Walikuja Aprili, watatu. Walikuwa wametoka Lushoto, na kesho yake wangekwenda Njombe. Wangechagua mahali pamoja tu pa kujenga. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Hezron, aliniomba nitafsiri kwa kuwa nafundisha Kiingereza. Wakauliza mvua, udongo, umeme, watu wa kuchuma. Niliona wanaridhika. Siku hiyo jua liliwaka, na gari lao lilivuka mto bila shida. Kisha mama mmoja kati yao akauliza kama lori hupita darajani wakati wa masika, maana majani mabichi yakilala njiani yameharibika.

Hezron akajibu kwamba hupita mwaka mzima.

Wiki mbili tu kabla ya hapo, Tulia, binti wa jirani yetu, alivushwa mto kwa machela akiwa na uchungu, gari la kumpeleka hospitali ya Makandana limekwama ng'ambo. Yeye alipona, mtoto hakupona. Basi nikawatafsiria jibu la mwenyekiti, halafu nikawaeleza niliyoyaona. Yule mama akaandika. Hezron hajui Kiingereza, lakini alisikia nikitaja Makandana.

Toka siku hiyo moyo hautulii. Jana Hezron alikuja na barua ya kampuni nimsomee. Wamechagua Njombe. Sababu ni mstari mmoja: barabara yetu.

Akavua kofia. Ndipo akaniuliza, "Mwalimu, keshokutwa mkutanoni utaisomaje?"

"Kama ilivyoandikwa, mzee."

Akaondoka bila kuaga.

Mkutano ni kesho baada ya ibada. Wapo walioshaanza kuandaa vitalu vya chai, na vijana waliokwisha kujiandikisha kazi. Nawaogopa, lakini wewe nakuogopa zaidi. Ndiyo maana nimetaka uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwa abiria wa basi. Ukikasirika una haki, ila usiache kuniandikia.

Mama, mjomba Andongwisye na Ambindwile wanakusalimu sana. Mungu akufungulie mlango ambao sikuufunga mimi.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Tupokigwe