Mgonjwa Wako Tumempa Jina

S.L.P. 418,
Kilakala,
Morogoro.
8 Machi 1998

Mpendwa mdogo wangu Eustace,

Marahaba, na marahaba nyingine ya akiba kwa shikamoo zote ambazo huko Uholanzi huna wa kumpa. Hujambo? Baridi imepungua? Kile kikohozi ulichokitaja kimekwisha, au bado unakidharau kama kawaida yako? Sisi ni wazima. Mama magoti yanamsumbua akipanda mlima, na mimi malaria ilinishika mwezi uliopita ikaniachia.

Mvua ndizo zimetuchosha. Zilianza kabla ya Krismasi na hazijui kuaga. Barabara ya Mgeta inakatika kila mara, na shemeji yako Bartholomeo anabaki na kabichi zinazomwozea. Tangu kiwanda kilipouzwa akapunguzwa kazini, ofisi yake ni hizo kabichi: anazinunua kwetu Nyandira na kuzipeleka Dar. Ukirudi hutautambua mji. Uliondoka tukipanga foleni ya sabuni, leo madukani kuna sabuni za kila rangi, na viatu vya mitumba vimejaa sokoni, hata vya huko kwenu. Nimeandika kwenu. Nisamehe, kalamu imeteleza.

Barua yako ya Januari ilifika salama. Nilipanda nayo Nyandira, kipande cha mwisho kwa miguu kwa sababu ya tope, nikamsomea Mama jikoni. Unajua kwa miaka mingi ananiuliza kazi yako ni nini hasa, nami namjibu kwamba ni daktari ili aniache nipumue. Safari hii ulieleza mpaka nami nikaelewa. Kwamba seli za mwili hufa zikifika wakati wake, kimya kimya, bila kumsumbua mtu. Kwamba kansa ni seli zilizokataa kufa. Na kwamba ninyi mnachukua chembe nyeupe za damu, mnazikuza kwenye chupa mpaka ziwe nyingi, kisha mnamtia mgonjwa zikazilazimishe zile kaidi zife. Mama alisikiliza, akaniambia nirudie.

Nikaja kufika pale ulipoandika kuwa seli ikitengwa na nyingine, isipate habari yoyote kutoka kwazo, hujiua yenyewe. Hapo nilishindwa kuendelea. Nilimwambia Mama moshi umeniingia machoni, nikatoka nikasimama kwenye manyunyu. Eustace, ninakukumbuka mno. Wewe unaandika mambo hayo kama kazi, na mimi ninayasoma nikikuona unakula peke yako katika kile chumba cha kwenye picha, chenye kiti kimoja. Mara ya mwisho tulikuwa nawe tulipomzika Baba, na siku hizo hatukupata hata nafasi ya kuzungumza.

Sasa nije kwenye harusi, maana najua unaiogopa. Faraja wangu na Erick wake, yule fundi umeme wa Mazimbu, walikusubiri mwaka juzi, wakakusubiri na mwaka jana. Kwetu sisi msichana haondoki nyumbani bila mjomba kumshika mkono na kumkabidhi, na ndugu yangu wa tumbo moja ni wewe tu. Wakwe zetu ni Wapare wa watu, wavumilivu, lakini mama yake Erick ameanza kuniuliza kwa upole kama huyo mjomba yupo kweli. Anayefurahi ni Petro wa mama mkubwa. Tangu alipodokezwa kwamba huenda akasimama mahali pako, ameshona suti na anatembea kama katibu tarafa. Faraja alimkataa katakata. Alisema Petro hakumbeba mgongoni alipokuwa mdogo.

Ndipo ukaandika kwamba wiki ya harusi ndiyo hiyohiyo mgonjwa wako atakayotiwa chembe zake, na kwamba huwezi kuziacha. Nilikasirika, sitakuficha. Mama aliuliza, "Kwani hizo chembe hazina mtu mwingine wa kuziangalia?" Nikamsomea tena: umezilea tangu mwanzo, wenzako hawazijui zinavyokuwa zinapoanza kudhoofu, na zikifa hakuna muda wa kukuza nyingine. Mama akasukuma kuni motoni. Halafu akataka kujua mgonjwa anaitwa nani.

Nilimwambia taratibu zenu za kazi hazikuruhusu kumtaja. Ulichosema ni kwamba ni mwanamume wa umri wako, ana watoto wadogo, na dawa nyingine zote zimeshindwa. Mama akasema haiwezekani kumwombea mtu asiye na jina, Mungu atamjuaje kati ya wagonjwa wote wa Uholanzi. Basi akampa jina yeye mwenyewe. Anaitwa Gabrieli.

Wewe cheka, lakini mambo hayakuishia hapo. Jumapili iliyofuata, wakati wa maombi ya waamini, Mama alisimama akamwombea Gabrieli, mgonjwa wa Eustace. Sasa parokia nzima inamjua. Akina mama wa jumuiya wanamsalia rozari kila wiki ya Kwaresima hii. Mzee Stambuli, yule muuza vitunguu, amemwombea msikitini Ijumaa. Nikipita sokoni wananiuliza Gabrieli anaendeleaje, na mimi, mwalimu mzima, najibu kwamba ana nafuu kidogo. Bartholomeo anasema Gabrieli akifika Nyandira atachinjiwa mbuzi, wakati yeye mkwe hajawahi kuchinjiwa hata kuku.

Faraja alipanda kumsalimia bibi yake akakaa siku mbili. Aliporudi hapa Kilakala alinikuta nakunja nguo, akaanza kunisaidia. Kisha akasema, "Mama, mwandikie mjomba asije. Nitatoka na mjomba Petro. Sitaki kuolewa siku ambayo Gabrieli ameachwa peke yake." Nilitaka kumsifu kwa moyo wake, nikajikuta nalia, naye akalia. Nguo tulizikunja upya.

Kwa hiyo harusi ni Jumamosi ya tarehe 25 Aprili, saa nne asubuhi, tukijaliwa barabara. Ruhusa umepewa na mwenye harusi mwenyewe. Hakuna aliyekasirika tena ila mimi, na mimi utanivumilia kama nilivyokuvumilia ulipokuwa unakojoa kitandani kwangu. Siku hiyo nitakutafuta kwenye ule umati, najua. Nimezoea kukutafuta mahali ambapo hupo.

Bartholomeo anakusalimu sana. Faraja na Erick wanakusalimu, wanasema picha watakutumia. Petro anakusalimu na ametaka niandike kwamba salamu hizo ni za kaimu mjomba. Tumemwonya asiguse pombe mpaka wakwe waondoke.

Salamu za Mama nimeziweka mwisho kwa sababu amenipa swali. Nilipokuwa nafunga mkoba nishuke, alinishika mkono akasema, "Muulize Eustace, Gabrieli akipona, yeye atarudi kwetu?"

Ningeweza kumweleza kwamba baada ya Gabrieli atakuja mgonjwa mwingine, na baada yake mwingine. Lakini ninamjua Mama. Na hao nao angewapa majina, akawaombea mmoja mmoja, akaendelea kukusubiri. Sikuthubutu. Nilimwambia hilo utamjibu wewe mwenyewe.

Mungu azilinde chembe zako mpaka wiki hiyo ipite, na akulinde wewe hata baada yake.

Dada yako akupendaye,
Filomena