Kiti Chako Sasa Kiko Kushoto

Mama yangu uliyebaki ng'ambo,

Kuna jambo sijamwambia mtu, hata shangazi ninayelala naye chumba kimoja hapa Ujiji. Kila baba anapoingia kwenye gari analotaka kununua na kugeuza ufunguo, mimi husimama pembeni nikiomba lisiwake. Naomba kwa Kiswahili, halafu narudia kwa Kifaransa, kama tulivyokuwa tukirudia somo shuleni kule kwetu Buyenzi, ili Mungu asije akasema hakusikia. Tukinunua gari hapa Kigoma, nilijiambia, basi tumehamia. Na watu waliohamia hawamsubiri tena mtu.

Sasa nikueleze taabu ya mume wako, maana mimi nimechoka.

Shangazi amemtafutia kazi ya kubeba mawese kutoka Simbo hadi bandarini. Mwenye mali kasema anayeitaka aje na pikapu yake kabla mwezi haujaisha, la sivyo anampa mwingine. Kazi ikipotea tunarudi kambi ya wakimbizi, na shule yangu inaishia hapo. Pesa ipo, ni ya zile bangili ulizomshonea baba ndani ya koti siku tunavuka. Kilichobaki ni mzee kuchagua gari. Mama, hachagui.

Tunakwenda kwenye yadi moja Katubuka, yanakopelekwa magari yakishushwa kwenye treni. Dalali wa pale anaitwa Shabani, na huyo ungemweza wewe tu. Hajui kunyamaza.

"Shikamoo mzee. Leo nimekuwekea kitu. Hii ilikuwa ya mwalimu wa kike huko Japani, alikuwa anaendea sokoni tu."

"Jana ulisema ya daktari," baba akamwambia.

"Alikuwa mwalimu wa madaktari, mzee wangu."

Na kila gari lina mtu anayekuja kulichukua saa nane. Siku moja tulikaa makusudi mpaka saa kumi, hakuja mtu. Shabani akasema mteja kapata msiba.

Baba naye, kila gari, anafungua mlango wa kushoto, anakaa, ananyoosha mikono kuushika usukani, anashika hewa. Usukani uko kulia, huku magari yote ndivyo yalivyo, anajua, ameambiwa, na kesho yake anafungua tena kushoto. Vijana wa yadi wanamngoja kwa hamu. "Mzee, leo abiria? Tukupeleke wapi?" Mimi hapo natamani ardhi ipasuke. Halafu wenyewe wanageukia Kiha, ndugu wa Kirundi chetu, kupanga wampandishie bei vipi, mbele ya Mrundi anayesikia kila neno kama anasikiliza redio. Siku moja baba aliwaacha wamalize, akawaaga kwa Kirundi, "Murabeho," akaondoka. Wakatazamana. Siku hiyo nilicheka njia nzima, lakini nyumbani tulifika kwa miguu vilevile.

Gari likiwa zima, baba analitafutia kasoro. Hili kiti kigumu. Lile rangi yake itachafuka. Ile pikapu nyeupe, ambayo hata fundi wa shangazi aliisifu, aliikataa kwa sababu honi yake inalia kama mbuzi. Mawese na honi wapi na wapi? Sikumuuliza. Unanijua, mgeni akinisalimia tu natazama vidole vya miguu. Nilirudi nikalia chooni kwa hasira, na mwezi unakwisha.

Jana Shabani akaushtukia ugonjwa wa baba. Akatupeleka nyuma ya yadi, kwenye gari lililovushwa kutoka ng'ambo, mlango umefungwa kwa kamba, majani yameota mpaka kwenye taa.

"Mzee, hili la kwenu kabisa. Usukani kushoto."

Baba akakaa, na safari hii mikono ikafika. Hakugeuza ufunguo kwanza, alikaa tu. Alipougeuza, gari likakohoa likanyamaza. Vijana wakalisukuma mpaka wakaishiwa pumzi. Halikuwaka, na wala sikuwa nimeomba.

"Nalichukua," baba akasema.

"Baba, halijawaka."

"Litatengenezwa. Mama yako akija atajua kiti chake kiko wapi."

Kumbe ndiyo hiyo. Si honi wala rangi. Nilikuona palepale, kwenye gari letu la bluu, njia ya Rumonge, upande wako wa kulia, kanga inapepea dirishani, unammenyea baba chungwa na kumwekea mdomoni ili asiachie usukani. Nikakumbuka na siku mlipolinunua. Bei haijakubaliwa, wewe umeshaingia umekaa, mimi mapajani nimejificha kwenye kanga kwa aibu. Muuzaji anasema, "Mama, shuka tuzungumze." Ukamjibu, "Mimi nimeshakaa. Uza, au ninyanyue na kiti."

Mama, sijui miguu niliitoa wapi. Nilikwenda kwenye ile pikapu nyeupe, nikafungua mlango wa kushoto, nikakaa.

"Dada mdogo," Shabani akaniita, "hiyo ina mtu anakuja saa nane."

"Mimi nimeshakaa. Uza, au ninyanyue na kiti."

Vijana walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Baba hakucheka. Alikuja dirishani kwangu akasimama, na mimi nikayaambia magoti yangu, "Mama akija atazunguka. Miguu anayo."

Halafu akazunguka mbele ya boneti, akafungua mlango wa kulia, akaingiza kichwa na kusema taratibu, "Hodi." Ndipo akakaa. Akageuza ufunguo. Sikuomba chochote, kwa lugha yoyote. Ikawaka. Shabani akateremsha bei kidogo, eti mtoto asije akalala humo.

Iko nje sasa hivi. Mumeo akitaka kukata kona anawasha waipa badala ya taa ya kona, na jua hili lote, watu wa Ujiji wanatutazama. Nitakufa kwa aibu kabla hujafika.

Kwa hiyo ushike haya. Kiti chako sasa kiko kushoto. Mlango wake mgumu, uinue kidogo kwanza ndipo uvute. Ukishuka bandarini ukasikia honi inayolia kama mbuzi, usiulize mtu, ndio sisi.

Nasikia ndala za baba ukumbini, anakuja kuniita twende Simbo. Naificha karatasi hii ndani ya kitabu changu cha Kifaransa, humu ndani hakuna anayekifungua. Yuko mlangoni, naishia hapa.

Binti yako,
anayekukalia kiti kwa sasa