Tangi Nimelipandisha, Kaka Elia

Dodoma, Jumapili mchana. Mwezi wa saba tangu niondoke Nkoaranga, wa nane tangu tukuzike.

Kaka Elia,

Ulikosea. Naanza na hilo kwa sababu uliniuliza mwenyewe ukiwa kitandani, sauti imebaki kidogo: "Niambie basi, nilikosea wapi?" Mimi nimeishia darasa la saba, ningekuambia nini wewe, fundi redio?

Kwanza ujue ile ndege yako ya rimoti, uliyoiunda mwenyewe, ninayo. Siku ya matanga baba mdogo alisema, "Huo mdoli wapeni watoto. Mtu mzima anakufa anachezea mdoli!" Nikafungua mabawa, nikaitia kwenye mfuko wa saruji pamoja na nguo zangu, nikaja nayo huku. Akikasirika, na akasirike.

Kazi ni ileile, saidia fundi. Zege, tofali, mgongo. Juzi fundi Mushi alinituma nipime usawa wa lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Nikapimia kwenye ubao wa jukwaa, kumbe ubao umelala upande. Akanifokea mbele ya wote: "We Mmeru, unapima kwa ubao? Pima kwa jengo! Kwenu mlimani hata meza zimelewa?"

Wakacheka. Mimi niliiona meza yetu.

Ile ya nje, kwenye migomba. Sisi tumezaliwa kwenye mteremko, kwetu ilionekana imenyooka. Uliiweka ndege pua ikitazama bondeni, ukachukua mpira wa maji wa kupimia usawa, ukalipanga tangi la mafuta likae usawa mmoja na kabureta iliyo mbele puani. Lakini ndege yenyewe ilikuwa imeinama, kaka! Ikinyooka, tangi linabaki chini ya kabureta. Ikipanda, linazidi kuwa chini, mafuta hayafiki, injini inazima.

Mara nne ilianguka pale uwanja wa Kisongo. Na wale jamaa wenye ndege za dukani: "Elia, ndege yako imechoka kabla ya safari!" Ukawa unaokota vipande, unasema injini ni mbovu. Injini ni nzima. Na upande wa pili wa ule mpira niliushika mimi. Tumekosea wote wawili.

Sasa nimepima kwa mstari wa ndege yenyewe. Tangi limepanda unene wa kidole. Nimelizungushia sponji kama ulivyonifundisha, mafuta yasitoe povu. Nikaifunga ndege kwenye nguzo, nikawasha, nikainua pua mpaka ikatazama mawingu. Hapo ndipo ilipokuwa inazima siku zote. Nikangoja. Ikanguruma, ikanguruma, mpaka mafuta yakaisha tangini.

Nililia, kaka, na vumbi lote usoni. Fundi Mushi akauliza, "Mdoli ndio unakuliza?" Nikamwambia ndiyo.

Kurusha sijui sana, unajua mwenyewe. Pengine nitaiangusha. Basi ianguke kwa mkono wangu, isianguke tena kwa tangi lako. Na baba mdogo nitamwekea kiti pale uwanjani, aangalie.

Pumzika. Swali lako nimelijibu, limebaki la kuwajibu wale jamaa. Mwezi ujao tunapaua. Wiki ya Pasaka nitakuwa nyumbani, na Jumamosi yake asubuhi niko Kisongo na ndege yako.

Mdogo wako,
Ndelilio