Jina Lina Mwenyewe

Tarehe 3 Machi

Kwa Baba na Mama,

Shikamooni. Baba, najua barua hii utamsomea Mama kwa sauti, na kwa kuwa masikio yako uliyaacha karakanani kwenye bati na nyundo, utaisoma mpaka jirani wa tatu apate habari zangu. Basi shikamooni mtaa mzima.

Mimi sijambo kiasi. Miguu ya Mama je? Uvimbe umepungua? Dawa anameza, au anazificha chini ya godoro?

Habari yenyewe ni hii: nimejifungua. Msishangilie kwanza. Mtoto amekuja mapema mno. Nilikuwa kazini kule dobi, napiga pasi shuka za hoteli, uchungu ukanishika na pasi mkononi. Ni msichana. Ukimlaza kwenye bakuli la kukandia unga anaenea na nafasi inabaki. Wamemweka kwenye kisanduku cha kioo chenye joto, na mipira puani. Siruhusiwi kumbeba. Naingiza mkono kwenye tundu, namgusa unyayo kwa kidole kimoja, halafu nautoa. Umama wangu wote kwa sasa ndio huo.

Kwenye kadi yake wameandika "Mtoto wa dirishani", maana kisanduku kiko karibu na dirisha. Wauguzi wanadai jina. Mume wangu yuko barabarani na lori. Nilipomwambia kwenye simu achague, akasema kwao jina hutolewa na wazazi wa mke. Sidhani kama ni kweli. Nadhani ameogopa kumpa jina mtoto ambaye huenda asikae.

Nitumieni jina.

Mwanenu,
Kijiko


Tarehe 15 Machi

Kwa Kijiko wetu,

Marahaba mwanangu, na pole sana. Hapa tuko salama, yaani mimi niko salama na mama yako anasema yuko salama. Miguu bado imejaa. Daktari anasema figo zimechoka, akalisema neno hilo kama vile figo zikipumzika zitaamka. Dawa anameza. Nimehamisha godoro.

Mtaa umesikia kweli. Fundi cherehani wa mkabala kaja mbio, anasema mwite Tabu kwa kuwa kaja kwa tabu. Nikamuuliza, mtoto akue tukimwita "Tabu njoo ule", "Tabu kalala", ndiyo heri hiyo? Akaniambia babu yake aliitwa hivyo na aliishi mpaka akachosha watu. Muuza mkaa anasema Subira. Huyo ana hoja. Ni neno lililotoka kwa Waarabu likaja kwetu likakaa, mpaka hakuna anayekumbuka kwamba lilikuwa mgeni, na kusubiri ndiyo kazi tuliyobaki nayo sote. Mimi nilifikiria Neema. Mama yako akaguna. Akauliza, "Ana nywele?" Mwandikie kuhusu nywele.

Halafu akafungua mdomo kutaka kusema kitu kingine. Nilijua ni nini, nikamwahi. Nikasema hapana.

Nawe nakukumbusha, maana umekaa mbali siku nyingi. Nyumba hii jina la mtu aliye hai halipewi mtoto. Linangoja mwenyewe aliache. Shangazi yangu alimpa mjukuu jina la dada yake aliyekuwa kitandani, akidhani anamfurahisha. Dada hakumaliza mwezi. Sisemi jina ndilo lililomuua. Nasema siko tayari kujaribu.

Mguse huo unyayo kwa niaba yangu.

Baba yako


Tarehe 28 Machi

Kwa Baba,

Shikamoo. Barua hii ni yako. Ukurasa wa kwanza msomee Mama: mtoto ana nywele, chache, laini, zimesimama upande mmoja tu. Hali yangu nzuri, nakula.

Ukurasa huu wa pili soma kimya.

Wiki iliyopita aliacha kupumua. Mashine ililia, wakanisukuma ukutani, nikabaki nimesimama na mikono yangu. Walimrudisha. Kesho yake ikawa tena vilevile. Daktari anasema wanafanya wanaloweza, na namwamini, na hiyo ndiyo inayonitisha.

Wauguzi wa hapa wametoka kila pembe, na wakati wa kusubiri tunazungumza majina. Mmoja kwao jina lake maana yake ni "Wa nne", eti wazazi walikuwa wameishiwa hamu ya kutafuta. Mwingine ana jina la malaika, anasema kila lugha aliyowahi kuisikia inalo, ila kila watu wamelikunja kivyao. Yupo mmoja mrefu, anaongea kidogo. Akaniuliza mama yangu anaitwa nani. Nikalitaja kwa kunong'ona, unajua ilivyo, mtu hataji jina la mamake hivihivi. Akacheka akakaa chini. "Hilo ni la kwetu," akasema.

Baba, Mama alirithi jina hilo kwa bibi yake aliyekuja na watu wa mbali, akafa bila kumfundisha mtu lugha yake. Mama maisha yake yote amedhani ni jina la ua. Wewe ulimtania kuwa ni jina la ndege mpiga kelele. Si ua wala ndege. Kwao hupewa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, watu wakakata tamaa, wakaanza kuulizana nani akalete sanda, kisha asubuhi mtu akachungulia akakuta anapumua. Maana yake ni "Bado yupo".

Nikamtazama wangu kwenye kioo. Ni kama jina lilikuwa linamngoja yeye.

Naijua sheria ya nyumba. Naomba ruhusa. Muuguzi anasema watoto hawa huitwa, huzungumzishwa, nami sina cha kumwita. Nikiinama kwenye lile tundu nasema "wewe". Namwita mwanangu "wewe", Baba.

Kijiko


Tarehe 9 Aprili

Kwa Kijiko,

Marahaba. Ukurasa wa kwanza nimeusoma kwa sauti, mama yako amecheka zile nywele za upande mmoja, akasema ni za ukoo wangu. Wa pili nimeukunja nikauweka kwenye kopo la misumari. Hajui maana ya jina lake, mimi najua, na nakaa naye siku nzima chumba kimoja. Sikutegemea kitu kama hicho kingenilemea hivi. Lakini nikimwambia maana, ataniuliza nimeitoa wapi, na nikimweleza kuhusu mtoto, atatoa jina siku hiyohiyo. Namjua. Hata leso yake hawezi kukaa nayo akiona mwenzie anatoka jasho.

Hali yake si nzuri. Hawezi tena kwenda mwenyewe uani. Mimi ni fundi bati, mwanangu. Kitu kikivuja naziba. Ndoo, birika, paa, vyote nimeziba. Sasa nakaa kando ya kitanda namtazama anavyovuja, na mikono yangu hii haina kazi.

Kwa hiyo hapana. Usiniombe nichague kati yao. Mwite Subira, mwite Neema, mwite hata Tabu. Hilo moja liache. Jina lina mwenyewe, na mwenyewe amelala hapa.

Baba yako


Tarehe 20 Aprili

Kwa Baba,

Shikamoo. Barua yako ilinifikia juzi. Ilikuwa imechelewa.

Tarehe kumi na sita hospitali waliniita nikiwa kazini. Nilipofika, daktari alikuwa amekaa kwenye stuli, na daktari akikaa ujue. Akaniambia nimpigie simu baba wa mtoto. Nikapiga, haikushika. Wakafungua kile kisanduku wakanipa nimbebe kwa mara ya kwanza, nami nikaelewa kwa nini wananipa.

Nilikuwa nimeamua kusema Subira. Nakuapia. Nilifungua mdomo niseme Subira, na kilichotoka ni jina la Mama. Nikamwita tena. Nikamwita mpaka koo likakauka. Yule muuguzi mrefu akasimama nyuma yangu akawa analiitikia.

Hakufa. Mpaka leo sijui ni kwa nini, na daktari naye hajui. Wamefuta "Mtoto wa dirishani" na kuandika jina kwenye kadi.

Baba, Mama anaendeleaje? Nataka kuja na siwezi kumwacha huyu. Nikija, nitakuwa nimemwacha huyu. Nikibaki, nimemwacha yule. Nisamehe. Usiniambie kama umekasirika, niambie tu Mama anaendeleaje.

Kijiko


Tarehe 19 Mei

Kwa Baba,

Shikamoo. Sijapata jibu lako. Kila siku nauliza kwa mtu wa posta mpaka ameanza kutikisa kichwa akiwa bado mbali. Mtoto anapumua bila mpira sasa.

Nijibu hata mstari mmoja. Hata kama ni wa kunitukana.

Kijiko


Tarehe 26 Mei

Kwa Kijiko,

Marahaba, mwanangu. Kaa chini kwanza.

Mama yako hayupo tena. Alifariki tarehe kumi na nne Aprili, kabla hujamwita mtoto. Kwa hiyo hukumnyang'anya mtu kitu. Jina lilikuwa halina mwenyewe.

Nimeandika hayo, nikaenda kunywa maji, nimerudi. Tarehe hiyo iache hapo ilipo. Mtu akikuuliza, au ukijiuliza mwenyewe, ishike hiyohiyo. Mimi nami nimeamua kuishika. Ila siwezi kuifunga barua bila kukueleza ilivyokuwa siku barua yako ile ya jina ilipofika, nawe nakuomba usinihesabie.

Niliisoma kimya. Mama yako akaona midomo yangu inakwenda bila sauti, akasema, "Soma kama kawaida yako. Wasikie." Nikasoma. Na ule ukurasa wa kopo la misumari nikautoa, nikausoma nao. Nilipofika kwenye maana alicheka, ikabidi nimshike mgongo. "Ua!" akasema. "Miaka yote najiona ua, kumbe ni mtoto aliyegoma kufa!"

Kisha akajifuta machozi ya kicheko. Akasema, "Basi msiniite tena hilo, nimempa. Niiteni Bibi."

Nikadhani utani. Haukuwa. Ukimwita jina lake anatazama ukutani. Mama mdogo wako, aliyekuja kumuuguza, alizoea haraka, majirani wakazoea, mimi ndiye niliyepata taabu. Tangu nimwoe sijamwita kwa lingine. Ikawa nikiingia chumbani nakohoa tu, ajue nimekuja. Mzee mzima, nakohoa mlangoni mwangu kama mgeni.

Siku aliyotuacha nilisahau. Nikamwita kwa jina lake, tena kwa sauti yangu hii ya karakana. Akatikisa kichwa. Nikasema, "Bibi." Hapo akanitazama vizuri, akasema kitu. Midomo niliiona. Sauti sikuisikia. Nikamwambia arudie, nikatega sikio mpaka mdomoni kwake, na hakurudia. Mama mdogo wako alikuwa nje anachemsha maji. Hakuna mwingine aliyesikia.

Nalifikiria hilo kila nikiamka. Sikukasirika nawe. Sijui nimkasirikie nani.

Baba yako


Tarehe 10 Juni

Kwa Baba,

Shikamoo. Pole, na mimi pole yangu naipokea.

Tarehe nimeishika. Kicheko nacho nimekishika. Najua haviwezi kukaa pamoja, na sitavitenganisha. Siku nyingine nitaihitaji ile tarehe, siku nyingine nitakihitaji kicheko.

Mtoto amerudi nyumbani. Baba yake kaacha lori siku tatu, anamtazama tu. Mwenyewe mtoto analia kwa sauti nene kuliko mwili wake.

Kuna jambo moja nimeshindwa. Siwezi kumwita. Pale hospitali nilimwita kwa sababu nilikuwa nimechanganyikiwa. Sasa hapa ndani, nikiwa na akili zangu, nikilitamka naona nimemkosea Mama adabu, kama namwamrisha aje. Maisha yangu yote nimelisikia kwa mdomo wako tu, ukiwa karakanani unamwita akuletee maji. Wewe ndiye uliyelizoea. Liandike, kwa mkono wako. Mwandikie yeye. Nitamsomea kwa kupaza sauti, kama wewe, na nitajiambia ni wewe unayemwita.

Kijiko


Tarehe 25 Juni

Kwa Kijiko, na huyo uliyenaye,

Marahaba. Mimi mzima. Nakula kwa mama mdogo wako, anapika chumvi nyingi, namshukuru.

Nimejaribu kuliandika. Nimekaa na kalamu tangu asubuhi. Nafika kwenye herufi ya kwanza, mkono unakataa. Karatasi nimechana nyingi mpaka fundi cherehani akaja kuuliza kama nimeanza kushona. Siwezi, mwanangu. Sijui nitaweza lini.

Nikaenda karakanani. Nilikuwa na kipande cha bati safi nilichokiweka siku nyingi. Nimekikata, nikakikunja, nikatengeneza kikombe kidogo chenye mkono wa kutosha vidole vya mtoto. Kisha nikachukua patasi na nyundo, na jina nikaligonga ubavuni, herufi moja moja. Mtaa mzima umesikia. Muuza mkaa anasema nilikuwa nalitaja kwa sauti kila nilipogonga. Mimi sikujisikia.

Herufi ya mwisho imekwenda upande, macho yalikuwa na maji. Mwambie anisamehe.

Kikombe ninakituma na barua hii. Nimekijaza maji nikakiacha juu ya meza mpaka jioni, kisha nikapitisha kidole chini yake. Ni kikavu. Hakivuji.

Babu yake